Sifuri Alizozifuta Dada

Gereji ya Rangi,
Nyuma ya Chuo.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo umetulia, au bado unainuka kitandani kwa awamu? Mimi niko fiti, nazidi kupendeza. Mama hajambo. Dada naye hajambo, na hilo hasa ndilo lililonishikisha kalamu, mimi uliyesema mwandiko wangu ni nyayo za kuku.

Najua umekosa raha tangu akuandikie kwamba huenda chuo kikamtoa. Pumua, Mjomba. Hatoki.

Kazi yake alikueleza ukaitikia tu "sawa mwanangu", kwa hiyo ngoja mimi msomi nikufafanulie. Anaigiza ndani ya kompyuta namna hewa yenye rangi inavyochomoka kwa kasi kwenye tundu na kuchanganyika na hewa iliyotulia. Mwaka mzima kompyuta za chuo zimepiga hesabu hizo. Majibu yakatoka, lakini pembeni ya mkondo rangi ikazidi ile iliyopimwa maabara, karibu mara mbili. Mwalimu wake akampa mpaka Ijumaa aonyeshe kosa liko wapi, la sivyo kazi yote itupwe na nafasi apewe mwingine.

Alhamisi mchana akaja gerejini, macho mekundu, akajitupa juu ya ndoo ya rangi. Nilikuwa napulizia mlango wa gari rangi ya bluu. Ili acheke kidogo, nikaanza kujigamba kwamba mkondo ninaujua kuliko kompyuta zake zote. Nikapuliza mbele ya dirisha aone: katikati ukungu umeshiba, pembeni ni ndimi tu, zinatokeza na kupotea.

"Weka kidole pale pembeni," nikamwambia. "Mara kinaloa, mara hakipati kitu."

"Hakipati kitu kabisa?"

"Sifuri, dada. Hewa tupu."

Akajipiga paji la uso. "Nilizifuta!"

"Umefuta nini tena?"

"Sifuri! Zilijaa pembeni, nikadhani ni vipimo vilivyokosewa. Nikaiamuru kompyuta izitoe kabla ya kutafuta wastani."

Mjomba, hata mimi niliyeikimbia hesabu kidato cha pili najua ukitoa sifuri zote wastani lazima upae. Nikamwambia, "Mwalimu wetu angefuta zangu, leo ningekuwa daktari." Hakusikia. Alishatoka mbio, duara la bluu la ndoo limechapwa nyuma ya sketi.

Akazirudisha. Ijumaa mstari wa majibu yake kwenye grafu ukalala juu ya ule wa maabara kama shuka na kitanda. Mwalimu akauliza nani kamfumbua macho. Angeweza kusema ni yeye mwenyewe, nani angejua? Akasema, "Mdogo wangu, fundi rangi." Basi sasa ukiniandikia, anza na "Mheshimiwa".

Mwalimu kamruhusu aanze kuandika tasnifu. Jana alilala mchana kutwa, mama akipita kwa ncha za vidole. Leo kaamka, kala sahani mbili, kisha kanifokea kwa kumaliza mkate. Wiki sita hakuwa na nguvu hata ya kunifokea, Mjomba. Nimefokewa huku nacheka, na mama kageukia ukutani akajifuta macho.

Nisalimie mkeo na wale pacha watundu, waambie kaka yao bado ni mzuri kuliko wao. Mungu akunyooshee mgongo na siku zako.

Mpwa wako anayekupenda na kukusumbua,
Fundi Rangi