Hatua Makumi Ine Kutoka Kanisa

Alhamisi, tarehe 4, mwezi wa ine, 2002

Nyumba imesimama! Mbao, manjanja ya kuezekea, misumari – yote mikono hii. Nguzo haziingii ndani ya jiwe la volkano, nimezibana na mawe kila upande. Sikusoma, mama za kanisa walinifundisha herufi uzeeni. Kujenga hakuna aliyenifundisha.

Ule moto wa volkano wa mwezi wa kwanza ulifunika parcelle zetu, viwanja vyote hapa Birere. Kilichobaki ni ukuta wa kanisa. Nikahesabu kutoka pale hatua makumi ine, njo nikajenga. Rodrigue, mujukuu wangu, nilimufundisha hivyo angali mudogo: ukipotea, tafuta kanisa, hesabu makumi ine. Alikuwa anaruka ili hatua yake ilingane na yangu. Waasi walimubeba, miaka ine sasa. Akirudi, atahesabu.

Jumapili, tarehe 7

Jirani Athanasie amerudi kutoka Gisenyi, kule alikimbilia moto. Salamu hakuna. Eti: «Mama Léonie, unalala ndani ya jikoni yangu.»

Nikamwambia: jikoni yako iko chini ya jiwe, shuka uichukue. Akacheka, kisha akalia. Nikamupa viazi. Akakula vyote – na neno lake hakubadilisha.

Jumatano, tarehe 10

Tumepima tena. Hatua makumi ine za Athanasie zinapita nyumba yangu, zinaenda kuishia mbele kabisa. Akaangalia mguu wangu ulioungua siku ile ya kukimbia. «Mama, siku hizi unatembea kama kuku.»

Kweli. Mutu asipime nyumba na mguu mugonjwa, apime na kamba. Lakini kamba ya urefu gani? Hatua yangu ya zamani nani anaikumbuka?

Jumamosi, tarehe 13

Kichwa kinazunguka. Rodrigue sasa ni kijana, miguu mirefu. Makumi ine yake itaangukia wapi? Kwangu? Pale Athanasie aliishia? Mbele zaidi?

Athanasie anasema nihamishe nyumba mbele, atanisaidia kubeba. Nimekubali. Sijuwe kama nimefanya vizuri.

Jumatatu, tarehe 15

Ukuta mumoja uko hapa, mumoja umeshafika kule. Manjanja chini. Athanasie ameshika nyundo, anauliza mulango tunaufunga wapi. Nimeukalia, naandika.

Kuko kijana pale ku ukuta wa kanisa. Murefu, na mufuko mugongoni. Anatembea, midomo inacheza. Ametupita sisi wote wawili, mbali. Amesimama. Anaangalia mawe.

Amerudi ku ukuta.

Sasa anaruka –