Mmekufa Humo?

Jumamosi. Biharamulo kumekucha na ukungu, nami nimeamka na hasira zangu.

Jana jioni alikuja katibu wa kamati ya mtaa wetu, huu mtaa wa mageti na kamera. Wameanzisha kampeni ya ustaarabu. Tutabasamu magari yetu yakipishana. Hakuna kupaza sauti. Wachuuzi wabonyeze kengele, na atakayepiga kelele getini hataingia tena mtaani. Uzinduzi ni kesho baada ya ibada, na mimi, kwa mvi zangu hizi, ndiye wa kuufungua.

"Shikamoo mama. Neno lako moja tu litatosha."

Niliitikia marahaba.

Anayefukuzwa namjua. Ni Mama Leokadia, muuza maziwa, ambaye kila asubuhi hulipiga geti langu kwa kiganja na kuuliza, "Mmekufa humo?"

Hunikumbusha Paskazia.

Nilikuwa msichana mdogo, kijiji cha ujamaa kule Murukulazo. Nyumba zilipangwa mistari, jirani akikohoa unamsikia. Paskazia wa nyumba ya pili alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote. Baba alipokwenda vitani, mama alijilaza akatazama ukuta, jiko likapoa. Na kule kwetu, asubuhi kila mtu aliangalia moshi wa mwenzake. Paskazia hakuuona wetu. Alikuja na makaa kwenye kigae, akitukana tangu njiani.

"Inuka we mvivu! Mumeo arudi akute watoto mifupa mitupu?"

Akawasha moto mwenyewe, akabandika maharage yake. Kesho yake akarudi na matusi mapya, na kesho yake tena, hadi asubuhi moja mama akamrudishia tusi zito, wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Vita vilipokwisha baba alirudi akatukuta tumenona.

Sisemi maisha yale yalikuwa matamu. Hata sukari tuliisikia tu. Lakini watu wale nimewakumbuka leo mpaka nimeacha kuandika, nikafuta macho.

Mtaa huu tunapikia gesi. Hauna moshi wa kuangaliwa.

Mwezi uliopita niliteleza bafuni, nikashindwa kuinuka. Nilisikia magari ya majirani yakitoka, moja baada ya jingine, kwa utaratibu mzuri kabisa. Kisha Mama Leokadia akaja, akauliza swali lake. Sauti yangu haikufika getini. Akauliza tena, akapiga geti, akapiga yowe hadi waliobaki majumbani wakatoka. Wengine walitoka kumkemea. Ndiye aliyewaambia wavunje mlango.

Sasa wanataka abonyeze kengele. Nisipofungua geti, aende zake kistaarabu.

Hapana.

Kesho nitavaa kitenge changu kizuri. Nitamshika mkono Mama Leokadia, tusimame wote wawili mbele yao na ndoo yake ya maziwa. Neno moja wameniomba, na moja nitawapa. Nikishapewa kipaza sauti nitawatazama wote, nyuso zao zikitabasamu, niwaulize: mmekufa humo?