Shangazi Hajulikani Benki

Nyumbani kwa Shangazi,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Usiniandikie "nafuu" tu kama kawaida yako, niambie ukweli. Mimi magoti yananisumbua, lakini namshukuru Mungu, ibada sijaikosa.

Leo nakuandikia nimeudhika, na nimeshasali mara mbili nisije nikaandika maneno mabaya.

Unakikumbuka kile kikundi cha akiba cha Shangazi, wanawake kumi na mmoja sebuleni kwake, kwenye viti vya kuazima kwa fundi cherehani? Sasa ni benki kamili. Ina matawi saba, na makao makuu ni ghorofa nne, tena yenye lifti. Ukutani wameandika kwa rangi ya dhahabu: "Kwetu hakuna mteja mgeni." Maneno ya Shangazi hayo, aliyokuwa akiyasema kila akifungua mlango.

Basi wiki iliyopita nikampeleka kuchukua akiba yake afanyiwe operesheni ya jicho. Daktari wa macho anakuja mwisho wa mwezi, akiondoka harudi hadi mwakani, na jicho la pili nalo limeanza ukungu. Binti wa dirishani akabonyeza weee, mwisho akasema, "Bibi, kompyuta haikutambui." Nyuma yake imetundikwa kalenda ya benki, na picha iliyo juu yake ni ya Shangazi.

Tukapandishwa kwa meneja. Ni Kamasi, yule mtoto wa muuza mkaa tuliyekuwa tukimtania. Siku hizi anafunga tai. Akatueleza kwamba walipoandikisha wanachama upya, kila mmoja alitakiwa aje na mwanzilishi wa kusema "namjua huyu." Shangazi alikaa pale mlangoni siku tatu, kazi yake kuwajua watu. Alimjua hata yule mlevi wa gereji. Yeye mwenyewe hakuna aliyekumbuka kumwandikisha.

"Basi mimi najijua," Shangazi akamwambia. "Niandike."

"Shangazi, utaratibu hauruhusu mtu kujijua mwenyewe."

"Mwanangu, pua hiyo nimeifuta kwa upindo wa gauni langu, leo unaniuliza mimi nani?"

Kamasi akainamisha kichwa, lakini akiba haikutoka. Nikamuuliza, na yale maandishi ukutani ni ya nini? Akanijibu kwamba ukuta uko chini ya idara nyingine. Mungu anisamehe niliyoyawaza.

Sasa waanzilishi wote wametangulia, wamebaki Shangazi na wewe, uliyekuwa ukiwaandikia daftari ukajiandika wa kumi na mbili. Kwa hiyo anayeweza kumjua Shangazi ni wewe tu. Fomu nimeiweka humu ndani. Tia sahihi pale nilipoweka alama nyekundu. Usiilalie kama ulivyoilalia barua ya msiba wa mjomba.

Mpe wifi salamu zangu, na kitinda mimba wenu mbusu kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake.

Shangazi hana kinyongo na mtu. Anakaa mlangoni pake kama zamani, ila siku hizi kila anayeingia, hata mimi, anamuuliza kwanza, "Nani wewe?"

Tafadhali nijibu upesi.

Wako akupendaye,
Dada yako