Mvumo Unakatika Kila Nikipiga Gitaa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana siku zote nakusoma ukiwasema wenzangu nacheka peke yangu, leo zamu yangu imefika na kicheko sina.

Mimi ni mpiga gitaa la solo kwenye bendi ya watu watatu, tunapiga mwisho wa wiki kwenye hoteli moja kando ya bwawa la kuogelea, na muziki wetu ni ule wa mawimbi, gitaa tupu bila mwimbaji, walioupenda sana wale vijana wa kuteleza baharini juu ya ubao, na raha yake yote iko kwenye sauti, lazima iwe kavu, nyembamba, inayong'aa, halafu ukiipitisha kwenye kile kiboksi cha springi kinachotia mwangwi inadondoka, sina neno lingine, inadondoka tone tone kama bomba bovu juu ya sufuria tupu, isipodondoka hayo si mawimbi, ni kelele tu. Sasa pikapu zangu zimechoka, na usifikirie gari, pikapu ninayosema ni kile kidude cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele, kinakaa chini ya nyuzi za gitaa kunasa sauti na kuipeleka kwenye spika, na ziko za aina mbili, za koili moja, yaani fungu moja la huo waya, ambazo zina sauti ninayoitaka lakini zinanasa pia kila takataka ya umeme iliyo karibu zikavuma nzzz, na za koili mbili ambazo zinaumeza mvumo wote, ila sauti yake nene, imeshiba, haitaki kutembea. Nilidhani shida yangu ni kuchagua kati ya hizo mbili, kumbe shida yenyewe iko chumba cha pili.

Mke wangu ni fundi wa kushona, anashona mapazia na sare za shule chumba cha nyuma, mimi nafanya mazoezi sebuleni, katikati yetu kuna mlango wenye pazia, na cherehani yake ni ya umeme, kwa hiyo akikanyaga pedeli tu pikapu zangu zinamnasa, nasikia mshono wake wote kwenye spika, nzz ya upindo mfupi, nzzzzzz ya pazia refu. Tumeishi hivyo miaka na miaka, mimi simsumbui na mambo ya gitaa, yeye hanisumbui na mambo ya vitambaa, tuna amani.

Sasa kuna fundi wangu wa magitaa, tunamwita Lehemu kwa sababu hutamkuta bila chuma cha kuchomelea mkononi, kijana mtanashati, hajaoa, na ananukia vizuri kuliko fundi anavyopaswa kunukia. Tangu mwanzo Lehemu aliniambia, "Kaka, weka koili mbili, nyumba yako ina cherehani, mvumo utakuua," nami nikakubali kwa shingo upande. Siku moja akaja kulichukua gitaa akalipime, mimi sipo, mke wangu akampokea, na kesho yake huyo huyo Lehemu ananiambia, "Nimebadili mawazo, weka koili moja, mvumo usikutie shaka." Nikamuuliza kimetokea nini, akatabasamu akasema, "Shemeji ana masikio yule!" Mshauri, machale yakanicheza, masikio ya mke wangu yeye kayajuaje?

Nikajikausha. Lehemu akaniazima magitaa mawili nikajaribu nyumbani, moja lina koili moja, jingine koili mbili, nikawa napiga hili, naweka, napiga lile, mke wangu akapita na rundo la sare, nikamuuliza kwa utani tu, lipi zuri? Hakusimama hata kidogo, akasema, "Hilo la pili halidondoki. Bobini imejazwa mno hiyo," akaenda zake. Nilibaki mdomo wazi, kwa sababu bobini ndilo neno la Lehemu, ndivyo anavyokiita kile kigurudumu kinachozungushiwa waya ndani ya pikapu, na hilo la kudondoka sijawahi kumfundisha mke wangu, sasa nani kamfundisha?

Tangu hapo nikawa macho, na ndipo nikagundua jambo linaloninyima usingizi. Nina wimbo mmoja wa taratibu nilioutunga mwenyewe, bado hauna jina, na kila jioni nikiuanza tu, ule mvumo wa cherehani unakatika. Kimya. Nikimaliza, haupiti muda, nzzz, anaendelea. Nikamtega, nikasimama katikati ya wimbo, mvumo ukarudi, nikaanza tena, ukakatika, na hapo nikaelewa kwamba ananitumia kama mlinzi, anajua nikiwa kwenye wimbo ule siinuki, basi ndio muda wake wa kuongea na huyo mtu kwenye simu, au hata kumfungulia dirisha. Juzi nikauacha wimbo ghafla nikanyata, nikalivuta lile pazia, nikamkuta amekaa, kitambaa mapajani, mguu umeachia pedeli, macho ameyafumba, na simu imelazwa kifudifudi pembeni ya mkasi! Akashtuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nashona."

"Mashine mbona kimya?"

"Napumzika kidogo, jamani, nako dhambi?" Akakanyaga pedeli kwa papara mpaka mshono ukaenda upogo, na hivi yeye ndiye anayelalamika kila siku kwamba oda zimemzidi, anapumzika saa ngapi?

Nimechoka kuonekana bwege. Nimekata shauri niweke koili mbili nisimsikie tena na cherehani yake, Lehemu nisimkanyagie kwake, na nguo zangu nimeshazifunga niende kwa kaka yangu, ila kabla sijatoka niambie, nimuulize mke wangu uso kwa uso au niondoke kimya kimya?

Mpiga solo, begi liko mlangoni.

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga solo, lirudishe begi kabatini kwanza, halafu tuongee.

Nakuhurumia. Wivu ni maradhi mabaya, unamfanya mtu asikie kila kitu na asielewe hata kimoja. Na sikufichi, nilianza kusoma barua yako nikiwa upande wako, kwa sababu vijana wanaonukia hivyo nawajua. Nilipofika kwenye bobini nikaweka kikombe mezani nikacheka mpaka jirani yangu wa meza akaniuliza kuna nini.

Bobini, mwanaume wewe! Umeoa fundi wa kushona, na hujui kile kigurudumu cha uzi kinachokaa chini ya sindano kinaitwaje? Kikimponyoka kikabingirika chini ya kabati akakuomba umwokotee, huwa unampelekea nini, kijiko? Anakijaza kila siku ya Mungu, na anajua kikijazwa kupita kiasi uzi unakataa kutembea. Neno hilo ni lake. Kama kuna aliyeliazima, ni Lehemu.

Na hilo la kudondoka, rudi kwenye barua yako. Umelitumia wewe, tena mara mbili tatu, hata hujamtaja mkeo. Kama unaniandikia hivyo mimi nisiyejua hata gitaa linashikwaje, kwenye simu na wenzako wa bendi unalisema mara ngapi? Kati yako na mkeo kuna pazia, si ukuta wa benki. Unasema humsumbui na mambo ya gitaa. Miaka yote hiyo humsumbui, naye amekuwa akisikia kila neno.

Haya, Lehemu. Kunukia si kosa, na wewe ungejaribu siku moja. Alikushauri koili mbili kwa sababu gani? Kwa sababu ya cherehani. Umeandika mwenyewe. Kisha akakutana na mwenye cherehani, na kesho yake anakwambia mvumo usikutie shaka. Sasa fikiri taratibu: ni nani katika nyumba ile anayeweza kumhakikishia fundi kwamba mvumo hautakuwepo? Mimi sikuwepo, lakini namsikia kabisa: "Mwekee ile anayoipenda, la mvumo niachie mimi." Kijana wa watu akaona shemeji huyu anajua sauti, akamsifu masikio, wewe ukasikia mengine.

Tufike kwenye huo ukimya unaokukosesha usingizi. Hebu nieleze, mgoni gani huyo anayeingia kwa noti ya kwanza na kutoka kwa noti ya mwisho? Ukisimama katikati naye anaruka dirisha, ukianza tena anarudi? Huyo si mgoni, huyo ni mwanasarakasi. Ulinyata, ukavuta pazia, ukamfumania. Ulimkuta na nani? Na kitambaa mapajani na macho kayafumba. Simu ilikuwa kifudifudi kwa sababu hakuwa na haja nayo. Na mshtuko wake hukuuelewa kabisa, ndugu yangu. Alikuwa anaona haya.

Mkeo anaachia pedeli ili gitaa lako lisivume. Hilo tu. Oda zimemzidi, wateja wanamsumbua, na bado kila jioni anaisimamisha kazi yake ili wimbo wako utoke safi, kisha ukinyamaza anashona alichokiacha. Wewe ukachukua ukimya huo ukaufungia begi. Nimekasirika, nakwambia wazi, kwa sababu barua nzima umenieleza sauti ya bomba, ya springi, ya upindo na ya pazia refu, lakini hakuna mahali ulipoandika kwamba umewahi kumuuliza mkeo kama wimbo ule anaupenda.

Naweza kukosea, mkeo simjui. Nina maneno yako tu, na yote yanamtetea yeye.

Sasa fanya hivi. Pikapu weka za koili moja. Nimemuuliza fundi mitambo wa redio iliyo ghorofa ya chini ya ofisi yetu, naye anasema kwa sauti unayoitaka waya usizungushwe mwingi, na umwombe Lehemu akupe mbili ambazo moja imezungushwa kinyume cha mwenzake, sumaku zake nazo kinyume, ili ukiweka swichi katikati zote mbili zifanye kazi na mvumo ufe. Hiyo ndiyo ya kule kwenye bwawa, na hata nyumbani itawasaidia mkeo akiwa na kazi nyingi. Umwombe Lehemu kimoyomoyo msamaha, usimwambie ulichomfikiria, atakuongezea bei.

Koili mbili usiziweke ndani ya nyumba ile. Ukiziweka utakuwa na ukimya wa bure siku nzima, na hutajua tena ni wakati gani mtu amesimamisha kazi kwa ajili yako.

Kwa mkeo usiende na maswali ya polisi. Barua hii usimwonyeshe, itamuumiza. Zima spika jioni moja, ukae naye chumba cha nyuma, umkunjie sare na kuzifunga vifungo mpaka oda zipungue. Kesho yake lifunge lile pazia la mlangoni juu, ukae mahali anapokuona, upige wimbo wako. Umesema hauna jina. Mwombe yeye aupe.

Na mvumo ukikatika, usinyanyuke kwenda kuchungulia. Umalize wimbo, unasikilizwa.