Chumvi ya Chini

Nyumba ya Wafanyakazi,
Al Wakrah, Doha,
Qatar.

Ijumaa, 25 Septemba 2009

Mpendwa mdogo wangu Komora,

Pokea salamu zangu wewe na Rael mkeo, pamoja na watoto. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku limeanza kulegea, na leo, maana huku ibada ni Ijumaa, tumetoka kanisani bila nguo kulowa jasho. Goti la Mama linaendeleaje? Na yule mdogo, kikohozi kimemwacha?

Hayo nimeyauliza kwa moyo safi. Sasa salamu zimetosha, maana nimekukasirikia hadi kalamu inatoboa karatasi. Peninah, ninayelala naye chumba kimoja, ameniona nikiandika akasema, "Wee Miriam, si ungoje kwanza hasira ipoe?" Nimemwambia ikipoa nitakuandikia uongo.

Barua yako nimeisoma. Unasema shamba la mpunga limekufa, unasema kwa mstari mmoja tu, kama anayetangaza kifo cha kuku wa jirani. Kisha unageukia habari za mpira. Komora, hilo ni shamba lililotulea! Na hukuandika limekufaje. Imebidi nimpigie Rael simu ndipo nijue kwamba ulifungua mlango wa mfereji siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, mto ukiwa mwembamba, baada ya kuonja maji kwa kiganja.

Kwa kiganja! Ulichota ya juu, ukayaona matamu, ukafungua.

Nani hakukufundisha? Tangu tukiwa watoto tumemwona Mama akishusha ile chupa yake mtoni, jiwe limefungwa kitakoni na mdomo umezibwa kwa gunzi la muhindi. Ikigusa tope anavuta kamba ya pili, gunzi linatoka, chupa inajaa maji ya chini. Hayo ndiyo anayoonja. Ulidhani ni mchezo wa kizee?

Basi nikueleze kama mtoto, kwa kuwa umefanya kitoto. Bahari ikijaa kwa bamvua huusukuma mto urudi nyuma, maji matamu yanapanda, nasi tunayakinga shambani bila pampu. Hiyo ndiyo kazi ya babu zetu. Lakini bahari haisukumi tu, inaingia. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupita chini ya yale matamu, yakitambaa juu ya tope. Mto ukiwa na nguvu huyazuia kule mdomoni. Mvua za bara zikikosekana mto hauna kifua, nayo yanapanda hadi kwetu, na wewe ukiangalia juu unaona mto ule ule. Na mlango wetu uko wapi? Uko chini ya tuta, karibu na tope. Ulikinga bahari yenyewe ukaimwaga juu ya miche.

Huku ninakokaa hakuna mto hata mmoja. Maji ya bombani ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo mikubwa ajabu, inayonguruma mchana kutwa. Watu wanahangaika kuitoa chumvi, nawe umeitia kwa mkono wako. Kila nikifungua bomba pale hotelini ninapofua nguo nakukumbuka, na si kwa wema.

Na bado hilo ningelisamehe. Mtu hukosea. Kinachonichoma ni kwamba Mama alikuambia ungoje, ukamcheka mbele ya vijana, ukasema ulimi wake umezeeka. Rael ameniambia, na usimgombeze kwa kuniambia.

Tena nasikia yule bwana wa mabwawa ya kufugia kamba wa baharini amekuja na makaratasi yake, anataka shamba, nawe umemwambia arudi mwisho wa mwezi ujao utie sahihi. Unajua atafanya nini? Atabomoa tuta ili bahari iingie kila inapojaa, kwa sababu kamba wake wanataka chumvi. Hapo ndipo shamba litakapokufa kweli. Sasa hivi ni gonjwa tu.

Chumvi hutoka kwa njia ile ile iliyoingilia. Vuli ikianza bara na mto ukavimba, fungua maji yakijaa, yaache yalale shambani yaloweshe udongo. Bahari ikipwa fungua tena, yatoke yote, usibakize hata dimbwi. Rudia, na urudie, hadi maji yanayotoka yawe na ladha ya yale yanayoingia. Baba alifanya hivyo mwaka ule wa kiangazi kikali, wewe ukiwa bado unanyonya. Msimu uliofuata tulikula mpunga wa shamba hilo hilo, na wewe ulinenepea uji wake.

Jambo moja la mwisho, na hili limeniliza. Rael anasema Mama bado anashuka mtoni na chupa yake kila asubuhi, na goti lile. Anaonja, anatema, anarudi. Anausubiri mto upate nguvu ili akuambie ufungue. Wala hujamwambia habari za yule bwana. Unamwacha mama yako aonje chumvi kwa ajili ya shamba ambalo wewe umeshaliahidi kwa mtu! Una moyo gani, Komora?

Nisalimie Rael na watoto, mjomba Dominiko, na shangazi Edith, mwambie kitambaa chake nimekipata. Mungu awanyeshee wenzetu wa bara, maji yatufikie, na wewe akufungue masikio.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo, ingawa leo ni kwa shida,

Miriam

N.B. Barua hii anakuletea Benard, dereva wetu, anakuja likizo. Pamoja nayo kuna chupa nene ya kioo na kizibo chake cha mpira, kwa sababu nasikia ile ya Mama imepata ufa. Mpe mkononi mwake, ukimtazama usoni. Lakini kama umeshatia sahihi, usimpe. Kaa naye chini kwanza, umwambie mwenyewe aache kuonja.