Mama na Kamera ya Ufunguo

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu wote wawili, bila kumsahau yule paka wenu mwenye majivuno. Natumaini goti lako limepoa na kwamba umeacha kupanda ngazi na mizigo kama kijana. Sisi huku tu wazima. Mimi nimenenepa, maana Mama hajaacha tabia yake ya kunijazia sahani kwanza ndipo aniulize kama nina njaa. Naye ni mzima, anacheka, anakula, anagombana na redio. Nimeanza na hilo ili uyasome yaliyobaki moyo ukiwa mahali pake.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeijaribu, Dada. Kila nikikaribia jambo lenyewe, ama unasema "haloo, haloo, unakatika", ama mtoto anamwaga maziwa, ama unaniuliza tumefungasha mpaka wapi. Basi nimeamua kukaa mezani na kalamu. Ukitaka kugomba, utagomba na karatasi.

Ulinituma nije nimsaidie Mama kufungasha, tufunge chumba cha ushonaji, nimlete kwako kabla mwezi haujaisha. Mwezi umeisha, na hatujafunga hata sanduku moja. Nakuomba unisome mpaka mwisho, halafu ndipo useme kwamba mimi ni yule yule Kifungo asiyetumika.

Siku niliyofika nilikuta mlango wa mbele uko wazi na nyumba iko kimya. Cherehani ilikuwa pale pale chini ya dirisha, imefunikwa shuka, na ile meza kubwa ya kukatia vitambaa ilikuwa imejaa vitu nisivyovielewa: magurudumu madogo ya bati, selotepu, wembe, chupa za wino wa rangi. Nikaita. Sauti ya Mama ikatokea bafuni: "Usifungue mlango! Ukifungua umeniua!" Nilidhani ameanguka. Nikashika kitasa, akapiga ukelele ambao sijausikia tangu siku ile nilipomeza kifungo cha koti la mteja nikapachikwa jina hili. Nikabaki nimesimama na begi langu mpaka alipotoka mwenyewe, ana aproni, mikono imelowa, ananukia kahawa. Ndani ya ndoo nikaona mkanda wa sinema, mwembamba kama utepe wa kufungia zawadi, unaelea kwenye maji meusi. Kumbe anasafisha picha kwa kahawa ya unga na magadi ya kufulia, na mwanga ungeingia ungeziharibu! Akausuuza, akautundika kwenye kamba ya nguo, akaubana kwa vibanio, na hapo ndipo alipokumbuka kunikumbatia.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee Tabasamu, kwa sababu najua ni maneno gani yamekufikia. Unamkumbuka yule mpiga picha wa mlango wa pili, aliyeamrisha watu watabasamu huku yeye mwenyewe amenuna? Ndiye huyo. Alipofunga studio yake alimletea Mama katoni moja. Ndani mlikuwa na kamera mbili za sinema za zamani, zile ndogo za kushika kwa mkono mmoja, zinazotiwa ufunguo kama saa ya mezani. Kulikuwa na projekta pia, na mikanda iliyopitwa na muda wake kabla mimi sijaanza shule. Mama alimwambia kwamba yeye hata akipiga picha kwa simu hukata watu vichwa. Mzee hakubishana. Alifungua ubavu wa kamera, akamwonyesha kijino kinavyoingia kwenye tundu la mkanda, kinauvuta hatua moja, kinaachia, kinauvuta tena. Mama akatazama, akaanza kucheka.

"Hii si ni cherehani?" akasema. "Meno yanavuta kitambaa, yanasimama, sindano inashuka, yanavuta tena. Hapa sindano yenyewe ndiyo mwanga."

Mzee Tabasamu aliniambia kwamba alirudi kwake siku hiyo akiwa na furaha kama mtu aliyeposa. Usiruke, Dada, ni yeye aliyesema hivyo, na Mama akamrushia kitambaa. Kuhusu huo uchumba anaoutangaza mama wa duka la nyuzi, nimechunguza kwa macho yangu. Wawili hawa wanagombana asubuhi hadi jioni juu ya mwanga: huyu anasema umezidi, yule anasema umepungua. Kama huo ni uchumba, basi umeanzia kwenye ndoa.

Usidhani Mama anatengeneza sinema za watu kupendana na kufukuzana kwa magari. Filamu zake hazina hadithi, na ndefu kuliko zote huisha kabla chai haijapoa. Anapiga vivuli vya nguo ukutani. Anapiga maji ya kufulia yakizunguka na kuzama kwenye tundu la sinki. Amepiga miguu ya wapangaji wakipanda na kushuka ngazi, miguu peke yake bila nyuso, na amini usiamini, nilimtambua kila mmoja. Kwa sababu mikanda imezeeka, rangi hutoka zinavyotaka zenyewe. Anga linakuwa kijani, ukuta mweupe unakuwa rangi ya kutu. Mara moja alisahau akapitisha mkanda ule ule kwenye kamera mara mbili. Fundi viatu wa ghorofa ya chini akatokea anakula chakula chake kwa utulivu huku vifungo vya kila rangi vinammiminikia kichwani kama mvua ya mawe. Mzee Tabasamu alitaka mkanda ule utupwe. Mama akamwambia thubutu.

Lakini iliyonimaliza mimi ni nyingine. Kuna mkanda uliotoka mweusi wote, hauna picha hata moja. Mama aliuchukua akaupitisha chini ya sindano ya cherehani bila uzi, akautoboa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mistari ikipinda na kukutana anavyopenda. Siku ya Jumamosi seremala jirani alituazima karakana yake, tukaziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe, majirani wakakaa juu ya mbao. Projekta ikaanza kuguguna. Ukutani giza tupu. Halafu nukta za mwanga zikaanza kukimbia, moja moja, kisha kwa makundi, zikashuka, zikapanda, zikajaa ukuta mzima. Dada, watu wale ambao hawajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi, walinyamaza. Mimi kazi yangu ni kusoma mita za maji, sijui sanaa ni nini, lakini nilijikuta nimeshika ubao kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye gari linaloenda kasi.

Taa ilipowashwa, fundi viatu akauliza kwa heshima zote maana yake ni nini. Mama akamjibu, "Mvua ya asubuhi uliiuliza maana yake?" Fundi viatu akafikiri, akasema hapana, aliikimbia tu. Watu wakacheka mpaka vumbi la mbao likatimka. Kisha wakadai irudiwe.

Baada ya siku ile nikaona ni wakati wa kumkumbusha Mama safari ya kuja kwako. Nilijaribu wakati wa chai, akasema birika linavuja. Nilijaribu tukiwa tunakunja nguo, akaniuliza habari za kazini. Nilipomwambia kwamba sababu ya kuhama ni kuwa kazi ya ushonaji imekufa, wateja wamekwisha, kwa nini akae peke yake na cherehani isiyo na kazi, akainuka akaitoa projekta. Akaniambia nizibe dirisha.

Akatia mkanda mfupi kwenye projekta. Ukutani ukatokea mkono wake wa kulia, mkubwa kama mlango. Unaijua mikono ya Mama, ule mkwaruzo wa mkasi karibu na kidole gumba. Mkono umeshika uzi mwekundu. Upande wa pili iko sindano. Uzi unasogea taratibu, umenyooka, hauyumbi hata unywele, unafika kwenye tundu, unapita, unatokea upande wa pili. Basi. Filamu imekwisha, haijafika hata muda wa kufunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Mama, mkono huu haujazeeka hata kidogo."

Alizima projekta, akaondoa blanketi dirishani, akaunyoosha mkono ule mbele yangu kama anayeniamkia. Dada, ulikuwa unatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akajaribu kuokota pini mezani ili nione. Pini ikakimbia, akaifuata, ikakimbia tena. Nikataka kumsaidia, akasema, "Tazama tu."

Hilo ndilo jambo lililonifanya niandike. Mama hajaishiwa wateja. Wateja amewafukuza mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akawaelekeza kwa fundi mmoja wa kike ambaye Mama ndiye aliyemfundisha kazi. Mikono ilianza kumsaliti muda mrefu uliopita, kwanza kwenye vifungo, halafu kwenye pindo. Alipoharibu kola ya gauni la bibi harusi na kulazimika kuikata upya, alifunika cherehani. Sisi akatuambia biashara imelala, na tukamwamini kwa sababu biashara za watu wengi zimelala.

Na ile filamu ya sindano, unajua aliipigaje? Kamera zile zina uwezo wa kupiga picha moja tu kila unapobofya. Mama aliisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaunga waya wa kubofyea mpaka sakafuni, akaukanyaga kama pedali. Halafu akashika uzi, akasubiri. Mkono ukitikisika, hakanyagi. Mkono ukipita mahali panapotakiwa, kufumba na kufumbua, anakanyaga. Picha moja. Kisha anaanza tena. Filamu ya sekunde chache ilikula wiki baada ya wiki, Mzee Tabasamu kakaa pembeni anamlainishia ncha ya uzi, na siku hizo, wenyewe wanakiri, hawakugombana.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema, "Ningewaambia, dada yako angekuja na gari siku hiyo hiyo. Ningekuwa mgonjwa wa mtu kabla sijajua, kwa mikono hii, mimi ni nani." Hakusema kwa kukulaumu. Alisema akitabasamu, kama mtu anayemjua mtoto wake vizuri.

Usilie, au lia kidogo kisha uendelee kusoma. Nilimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Amempima kwa makini, akamwandikisha na kumchoresha duara, akatuhakikishia kwamba si ule ugonjwa mbaya ambao najua umeshaufikiria. Huu alio nao hautamuua. Utazidi polepole, na dawa zitaupunguza lakini hazitauondoa. Alimshauri atumie kikombe chenye kifuniko. Mama akamshukuru sana, na tulipofika nje akaniambia kikombe hicho ninywee mimi.

Kushona hatarudia. Hilo amelikubali, na siku aliyonitamkia aliiondoa ile shuka, akaipaka cherehani mafuta kama anayemuaga mtu. Lakini kamera hajaiacha, na hapa ndipo ninapotaka umwone mama yetu kama ninavyomwona mimi. Wiki hii ameiondoa kwenye miguu mitatu. Ameishika kwa mkono ule ule, akatoka nayo mtaani jua likielekea kuzama, taa za maduka zinawashwa, akaiacha itikisike inavyotaka. Mzee Tabasamu alipiga kelele kwamba picha zitaharibika. Mama akamwambia kwamba picha ya mkono uliotulia ameshaipiga, sasa anataka ya mkono alionao. Tuliusafisha mkanda jana. Kila taa imegeuka uzi unaocheza gizani, nyekundu, njano, bluu, zote zimesukana kama kitambaa ambacho hakuna duka linalokiuza. Mzee Tabasamu aliutazama ukuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Na mtu yule ambaye hajawahi kutabasamu, nakuapia Dada, alitabasamu.

Basi nami niseme la kwangu. Nimeomba uhamisho, nami nimekubaliwa. Nitasoma mita za mji huu, nitaishi katika chumba chetu cha zamani, nitabeba ndoo na kufunga mikanda kwenye yale magurudumu ya bati yasiyofungika kwa mkono unaotetemeka. Najua uliandaa chumba kwa ajili yake, na najua ulipaka rangi mwenyewe licha ya goti. Mama anajua pia. Hajakikataa. Anasema siku atakapokihitaji atakwambia yeye, kwa mdomo wake. Kwa sasa ana ombi lingine. Anataka kupiga filamu ya uso wako, mkono wake ukiwa umeshika kamera bila kuegemea kitu. Anasema uso wako ameutazama miaka yote ukiwa umetulia, anataka kuuona ukicheza.

Msalimie sana shemeji, umwambie deni langu la karata liko pale pale. Wabusu wapwa zangu. Mzee Tabasamu anakusalimu, fundi viatu naye anakusalimu na anauliza kama huko kwenu watu wangependa kumwona akinyeshewa vifungo. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kifungo

Mama amekataa nimwandikie salamu zake. Amechukua kalamu, amekaa nayo karibu na dirisha, na haya yafuatayo ni ya mkono wake. Herufi zimekimbiana, lakini nimekatazwa kuzigusa.

Mwanangu, mimi sijambo. Njoo. Usijifute mafuta usoni, mwanga unayapenda.
Mama yako