Ngoro Mlangoni mwa Ruhuhu

Lituhi, kando ya Ziwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia huku huku, pamoja na kile kikohozi chako cha asubuhi. Je, kimepungua? Na goti la Bibi? Mimi ni mzima, ila nanuka moshi hata nikitoka kuoga ziwani.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la dagaa. Nimeandika kwa sababu siku ile kwenye simu sikukujibu. Uliposema utampa jirani Kapinga shamba la mteremkoni alime matuta yake, kwa kuwa tangu Baba afariki hakuna mwanamume wa kulaza majani ya ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo, nilinyamaza ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, Mama. Nilikuwa nalia.

Chombo chetu ni kizee, kinakwenda kwa mvuke, na kazi yake ni kuchota tope mlangoni mwa mto Ruhuhu ili maboti yapite. Mimi nalisha boila kuni. Ndoo za chuma zimefungwa kwenye mnyororo; zinazama tupu, zinapanda zimejaa, taratibu, mchana kutwa. Mvuke ukitanda nauona ukungu wa kwetu Mkumbi, nami nimekaa mlangoni kwetu nachambua maharage, na wewe uko ndani unaimba. Hapo fundi wetu, Mzee Shomari, hugonga bomba kwa spana: "Wee binti! Moto umelala na wewe umelala!"

Tope lenyewe ni jekundu. Ni udongo wa kwetu, ule wa miteremko isiyolimwa ngoro tena. Siku moja ndoo ilipanda na kisiki cha mti wa kahawa, mizizi na yote. Nilikitazama mpaka kikamwagwa. Nikaliona shamba letu, miaka michache baada ya matuta ya Kapinga, likipanda mbele yangu ndoo kwa ndoo, na mimi ndiye ninayechochea moto wa kulitupa. Niliogopa kweli.

Tope hilo tunalimwaga ukingoni, limekuwa kilima. Kila mvua ikinyesha, nusu yake inarudi mtoni na sisi tunaanza upya. Mzee Shomari huigombeza mvua, huugombeza mto, kisha huenda kuswali. Basi Jumapili moja baada ya misa nikaazima nyengo, mundu wa mpini mrefu kama ule wa Baba, nikakata majani, nikapanda nayo juu ya kilima kile. Nilianzia juu, kama Baba. Nikalaza mistari ya kushuka, nikaikatiza kwa mingine, miraba ya hatua mbili mbili. Ya kwanza ilipinda kama njia ya mlevi, nikaiondoa nikaanza tena. Kisha nikashika jembe, nikachimba shimo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo wake. Kazi ya Baba na kazi yako, zote nilizifanya mimi.

Wanawake wa Kinyasa waliokuwa wakianika dagaa walicheka mpaka wakakaa chini. "Wamatengo nyie! Hata tope mnalilima?"

"Mwacheni," alisema Mzee Shomari. "Akichoka atarudi kwenye boila."

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu upande usiolimwa ulikuwa umeporomoka mtoni. Upande wangu ulikuwa pale pale, maji yametulia kwenye mashimo, na mawingu yanapita ndani yake. Nilisimama nikasahau kabisa kuni. Safari hii Mzee Shomari hakunigombeza. Alizunguka mara mbili, kofia mkononi.

"Nani kakufundisha hii?"

"Wazazi wangu."

"Basi nilimie na upande ule."

"Ule nitamfundisha mwingine, Mzee wangu. Mimi mwezi wa tatu naomba ruhusa, nina shamba nyumbani."

Alinuna kidogo, halafu akakubali.

Kwa hiyo Mama, Kapinga usimpe. Mwambie kwa upole, ni jirani yetu na siku ya msiba alituchotea maji, lakini usimpe. Mwambie wa kulaza majani amepatikana.

Nisalimie Bibi na goti lake, Shangazi wa Mbuji akija, na katekista aliyeongoza mazishi ya Baba. Nyengo ya Baba nadhani bado iko darini, juu ya jiko, imeshika kutu. Mpelekee mhunzi ainoe. Ila mpini asiuguse, hata akikwambia ni mrefu mno kwa mwanamke.

Mwanao niliye njiani,
Skola